Vichupa vya Hamira Katika Jokofu Langu

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za shemeji yako Fundi, ambaye wakati huu ameinamia saa ya mteja na hataki kusemeshwa. Ninatumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Je, goti lako linaendeleaje? Bado unapanda vilima na vyombo vyako vya kupimia ardhi begani, au hatimaye umekubali wenzako wakubebee? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba unachechemea lakini hutaki kuulizwa. Basi mimi nakuuliza, nawe unijibu kwa maandishi.

Sisi huku tunapumua. Ningependa kuandika kwamba hatujambo na kuishia hapo, kama nilivyozoea, lakini safari hii siwezi. Tangu Alhamisi nimepigwa na mshtuko ambao haujanitoka mwilini. Nikiketi naona kama kiti kimesogezwa. Nitakueleza mambo kwa mpangilio wake, maana habari nzito ikisimuliwa shaghalabaghala humtisha msomaji kuliko inavyostahili. Inamhusu binti yako. Hajaumia wala haumwi, kwa hiyo usiinuke. Kaa usome.

Unajua kwamba Wakili, kama alivyoitwa na marehemu baba kwa sababu tangu alipoanza kusema hakukubali kosa bila kujitetea, anafanya utafiti katika maabara ya taasisi. Unajua pia kwamba ulipomleta kwangu uliniomba nisimdekeze. Sikumdekeza. Usichokijua ni kazi yenyewe anayoifanya, kwani nimesikia unawaambia watu kwamba binti yako ni daktari wa vijidudu. Si kweli, na uache kusema hivyo.

Alinieleza kazi yake siku moja tulipokuwa tukikunja mashuka uani, mimi, yeye na Fundi. Alisema kwamba ndani ya kila chembe hai, iwe ya mtu au ya hamira, kazi karibu zote hufanywa na protini, na kwamba protini hutengenezwa kama uzi mrefu. Uzi huo haufai kitu mpaka ujikunje na kupata umbo lake hasa. Ukijikunja vibaya ni sawa na ufunguo uliopinda: chuma ni kile kile, lakini mlango haufunguki. Nilimwambia kwamba uzi hauna akili ya kujikunja. Akajibu kwamba akili unayo, unachokosa ni nafasi. Ndani ya chembe mna msongamano kama wa sokoni, na kila uzi una sehemu zenye kunata ambazo hunasa kwenye nyuzi za jirani kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo zipo protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzisaidia hizo, nazo yeye huziita wapambe. Baadhi ya wapambe hushika zile sehemu zenye kunata na kuziachia, wakashika tena na kuachia tena, mpaka uzi utulie. Wengine wana umbo kama pipa lenye kifuniko: uzi mmoja huingia, kifuniko hufungwa, nao hujikunja humo peke yake bila kusukumwa, kisha hutoka. Mpambe hauambii uzi ujikunje vipi. Anauzuia tu usiharibike kabla haujamaliza.

Nilimwambia Wakili kwamba nimefundisha maisha yangu yote na sijapata kumwona mtu aliyenyooka bila kunyooshwa. Akasema, bila hata kuacha kukunja, kwamba katika habari hiyo shangazi yake si mpambe, shangazi yake ni joto. Fundi alicheka mpaka ncha yake ya shuka ikaanguka mavumbini, tukalazimika kulifua upya.

Maana ya maneno yake ni kwamba joto ndilo adui. Tazama ute wa yai: ule ni protini, na ukishachemka haurudi tena kuwa ute. Chembe ikipata joto kali, protini zake hulegea, hunasana na kugandamana, na chembe hufa. Lakini joto likiwa la wastani, chembe hushtuka na kutengeneza wapambe wengi kwa haraka, ndiyo sababu wataalamu wanaziita protini za mshtuko wa joto. Sasa shika vizuri jambo hili moja, kwa sababu mengine yote yametoka hapo: chembe ikipashwa kidogo kwanza, hubaki na wapambe wa akiba, na joto kali likija baadaye huikuta imejiandaa. Ile ambayo haikupashwa hufa.

Wakili alikuwa na hamira iliyoondolewa mpambe wake mkuu. Kila mtu katika maabara yao anajua kwamba hamira ya namna hiyo, ikitiwa katika joto kali bila kupashwa kwanza, haiponi. Yeye alikuwa anaitumia kama mfano wa kifo, ili apate kitu cha kulinganishia. Mafundi wa umeme walipokuja kubadilisha nyaya za jengo lao, watafiti waliambiwa kila mmoja achukue vichupa vyake akavihifadhi nyumbani, jambo ambalo kumbe ni la kawaida kwao. Akaniomba nafasi katika jokofu. Nilimpa rafu ya chini, nikamkumbusha sheria za jokofu langu, ya kwanza ikiwa kwamba chombo cha moto hakiingii humo kamwe. Akasema anazijua sheria hizo kuliko jina lake.

Vichupa vilikaa kwangu wakati wa matengenezo hayo. Aliporudi navyo maabara akavitia katika joto kali siku hiyo hiyo, na hamira ambayo ilipaswa kufa haikufa. Alivijaribu vyote, na vyote vikapona. Profesa wake, mzee mmoja mwenye sauti kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, alitangaza mpaka kwa wapishi wa kantini kwamba mwanafunzi wake amegundua kitu. Wakati huo ulikuwa umebaki muda mfupi tu kabla Wakili hajasimama mbele ya jopo la wakubwa wa taasisi, ambao wangeamua kama aendelee na utafiti wake au nafasi yake apewe mwingine. Matokeo hayo ndiyo aliyoyategemea. Mimi nilimshoneshea gauni.

Halafu akaanza kurudi nyumbani bila kula. Alikuwa ameotesha hamira ile ile upya palepale maabara, akaitia katika joto lile lile, ikafa yote. Akarudia, ikafa. Ilikuwa inapona ile tu iliyolala katika jokofu langu. Alituuliza mimi na Fundi kama umeme ulikatika, kama kuna aliyevigusa vichupa. Nilimjibu kwa ukali kwamba katika nyumba yangu hakuna anayegusa kisicho chake. Fundi alisema hakumbuki. Niliridhika na majibu yetu wote wawili.

Alhamisi tukaenda kumsikiliza, kwa kuwa familia zilialikwa. Ukumbi ulikuwa mdogo, wenye viti vya plastiki vinavyolia kila mtu anapojisogeza. Binti yako alisimama amenyooka. Alieleza kazi yake kwa Kiswahili safi, nami nilijisikia kama ninayesahihisha mtihani usio na kosa. Kisha, alipofika kwenye yale matokeo yaliyokuwa yakisubiriwa na kila mtu, akasema kwamba anayaondoa. Profesa aliyekuwa ameketi mbele yangu akaangusha kalamu. Wakili akaendelea kwamba vichupa vile vilipashwa joto bila yeye kujua vilipokuwa vimehifadhiwa nyumbani, kwamba kosa lilitokana na ubovu wa jokofu, na kwamba kwa sababu hiyo ugunduzi wake haupo.

Jokofu langu bovu! Nilipigwa na butwaa. Unalifahamu jokofu lile.

Mjumbe mmoja wa jopo, mtu mnene mwenye tai fupi, akamshukia. Alimwambia kwamba mtafiti anayeweka kazi yake ndani ya jokofu bovu bila kulipima joto hana tofauti na mlinzi anayelala langoni, na kwamba haoni sababu ya taasisi kuendelea kumlea. Akamtaka ajitetee. Wakili, ambaye hajawahi kushindwa kujitetea hata alipokuwa na mdomo uliojaa sukari ya wizi, aliinamisha kichwa akanyamaza.

Hapo Fundi akasimama. Mdogo wangu, unamjua shemeji yako: mtu ambaye hata mteja akimdhulumu humwombea njia njema. Alisimama katikati ya ukumbi na kusema kwamba friji ile ni nzima kabisa. Mwenye tai akauliza yeye ni nani. Akajibu, "Mimi ni mume wa mwenye friji." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alisema kwamba ni yeye aliyeingiza sufuria ya maharage, ya moto, imetoka jikoni wakati ule ule, akaisogeza mpaka ikagusa vichupa kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Alisema kwamba binti hakuwa na habari mpaka alipomweleza yeye mwenyewe juzi, na kwamba ubovu wa jokofu ni maneno ya kumfichia mtu mzima aibu. Kama kuna wa kufukuzwa, akasema, afukuzwe yeye, ingawa hajaajiriwa hapo.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwembamba ambaye hakuwa amecheka wala kukasirika tangu mwanzo, alimtaka aketi. Kisha akamwuliza Wakili maswali kuhusu sufuria ile: ilikuwa ya moto kiasi gani, ilikaa humo kwa muda gani. Fundi alisaidia kujibu akiwa ameketi. Mama yule akafikiri, akasema kwamba matokeo yamefutwa na ni haki yafutwe. Lakini akaongeza kwamba hamira ile haikuwa na mpambe wake mkuu, na bado ilipopashwa na sufuria iliokoka. Basi ni nani aliyeibeba? Hilo, akasema, yeye hajui, na angependa kujua. Wakampa Wakili nafasi mpaka mwisho wa mwaka arudie kazi yote, safari hii akipasha kwa makusudi na kwa kipimo. Akishindwa, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Ungedhani nilifurahi. Nilikuwa nawaka. Katika teksi sikunyamaza hata kidogo. Nilimwambia Fundi kwamba ameniaibisha mbele ya wasomi, kwamba sheria ile inajulikana hata na paka wa jirani, kwamba mwanamume mzima anayeficha sufuria ya moto kama mwizi anahitaji kuchunguzwa akili. Yeye alitazama nje ya dirisha. Dereva alizima redio, nadhani ili asikie vizuri zaidi. Nilipofika mahali pa kumwuliza Fundi ni nani aliyemtuma kupika maharage bila idhini yangu, Wakili, aliyekuwa kiti cha mbele, aligeuka. Uso wote ulikuwa umelowa. Akasema, "Shangazi, basi. Sufuria ile uliisahau wewe."

Nilicheka. Naona haya kukuandikia, lakini nilicheka.

Akaniambia yote. Siku ile nilibandika maharage, nikavaa, nikaenda kwa mshona nguo. Fundi aliporudi kutoka kibandani kwake alikuta jiko linawaka, jikoni kumejaa moshi na chini ya sufuria kumeanza kuungua. Akafungua madirisha, akamimina yaliyokuwa hayajaungua katika sufuria nyingine, akayamalizia. Aliposikia sauti yangu langoni nikisalimiana na jirani, akaitia sufuria katika jokofu, ili niikute mahali ambapo ningedhani nimeiweka mwenyewe. Na kweli, jioni niliitoa nikawaambia kwa majivuno kwamba mwenye nidhamu hupika asubuhi. Wote wawili wakasema ni kweli.

Niliwaambia wanashirikiana kunizushia. Ndipo Fundi aliposema, bila kuutoa uso dirishani, kwamba hufunga gesi kila anapotoka, kwamba funguo zangu huzitoa kwenye kopo la sukari na kuzirudisha mkobani kabla sijazitafuta, na kwamba nilimpigia wifi simu mara mbili kumpa pole ya msiba ule ule, naye wifi akaipokea ile ya pili kama ya kwanza. Sijui kama wifi alikuambia. Mimi sikumbuki hata moja. Akasema pia kwamba Wakili huwahi kurudi kutoka kazini kwa sababu wao wawili wamegawana zamu ili nisikae peke yangu. Mdogo wangu, nilikuwa nikimgombeza mtoto huyo kwa uvivu! Nilimwambia mara nyingi kwamba watafiti wa kweli hawaondoki maabara jua lingali juu.

Sijui kama unaweza kuelewa mshtuko wangu. Nimeishi kwa kalamu nyekundu. Kosa lolote lililopita mbele yangu lilitoka na alama. Kumbe siku zote hizi watu wawili walikuwa wakinisahihisha ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na hawakuacha alama hata moja.

Ijumaa walinipeleka kwa daktari. Nilijibu maswali yake kwa sentensi kamili. Akanipa karatasi akaniomba nichore uso wa saa. Mimi, mke wa fundi saa, nilikaribia kumcheka. Nilichora, nikamrudishia karatasi nikiwa na hakika kama nilivyo na hakika na jina langu. Fundi akaitazama, kisha akatazama viatu vyake. Nilipoichukua na kuiangalia tena niliona kwamba tarakimu zote nimezijaza upande mmoja, zimesongamana, na upande wa pili wa saa ni mweupe mtupu. Daktari alisema kwamba ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, kwamba utaendelea, na kwamba zipo dawa za kuupunguzia mwendo ila si za kuurudisha nyuma.

Jana Wakili aliketi nami akanieleza kama alivyonieleza siku ya mashuka. Alisema kwamba katika ubongo wa mgonjwa kama mimi baadhi ya protini hujikunja vibaya na kugandamana, na kwamba wapambe, ambao maisha yote wamekuwa wakizuia jambo hilo, huonekana kuzidiwa kadiri mtu anavyozeeka. Nilimwuliza kama ndiyo sababu pekee. Akasema hapana, yako mengi yasiyojulikana, naye hataki kunidanganya. Nilimwuliza kama kazi yake inaweza kunisaidia. Akasema si mimi, labda watakaokuja baadaye sana. Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kunijibu.

Lakini baada ya hapo akaniambia kwamba Jumatatu harudi maabara. Ataiacha nafasi yake, akae nyumbani anitunze. Amekwisha kuamua. Nilimkatalia, akajitetea, na unamjua akianza kujitetea. Nilipopandisha sauti, alinishika mkono akaniambia nisiwe na wasiwasi, tutaongea kesho. Na nikaona machoni pake anategemea kwamba kesho nitakuwa nimesahau.

Sijasahau. Nimekaa kuandika kabla sijasahau. Hili ndilo ninalokuomba, na ndilo lililoileta barua hii: mwandikie binti yako, kama baba yake, umwamuru arudi kwenye vichupa vyake. Swali alilouliza yule mama mwembamba ni la kwake, alilipata kwa shida na aibu, na hakuna mwingine mwenye sufuria hiyo. Mwambie kwamba mimi nimekubali kusaidiwa. Nesi mstaafu aliye nyumba ya pili kutoka kwetu atakuwa akishinda nami mchana. Anaongea sana na hatamki maneno yake sawasawa, nami nimeapa kutomsahihisha. Fundi amehamishia meza yake ya saa sebuleni. Yote haya tumeyapanga, na Wakili asidhani nyumba itaanguka akitoka mlangoni.

Kwa upande wangu sina ombi kubwa. Ukinisikia kwenye simu nikirudia jambo nililokwisha kulisema, usinikatize. Nijibu kama wifi alivyonijibu. Nimechelewa sana kujua kwamba hata hilo ni namna ya kumsaidia mtu.

Nisalimie wifi, umwambie aipokee shukrani ambayo sijamtolea. Wasalimie watoto, uwaambie wasome kwa sauti. Majirani wote na Fundi wanakusalimu. Yeye anauliza kama ile saa aliyokutengenezea bado inakwenda.

Barua hii nitaitumbukiza katika sanduku la posta leo leo. Utakapoketi kujibu, anza na ya Wakili, uipeleke posta hata kama yangu haijaisha. Mimi nitasubiri zamu yangu. Na ikiwa itakapofika nitakuwa sikumbuki tena nilichokuandikia, wewe nijibu hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako mkubwa, akupendaye,
Mwalimu.